Visima Vilivyolala Chini ya Mpunga

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo jinsi kazi ya upimaji ilivyokuwa hapa Tabora zamani, maana mnasema nikianza kusimulia wakati wa chai ya saa nne, chai inapoa na kazi inalala. Haya, nimeandika. Vyeo sivitaji, na mishahara ndiyo kabisa. Kila niliyefanya naye kazi anajua nilipanda polepole na siku ya kuagwa niliondoka kwa baiskeli. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa moja ambalo hamtalikuta kwenye faili lolote, kwa sababu mimi mwenyewe nilihakikisha halimo.

Niliingia ofisi ya ardhi mara tu baada ya Uhuru, nikiwa na suruali moja ya kaki na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Wazungu wa ofisi walikuwa wanafunga masanduku, sisi tunafungua madaftari. Siku ya kwanza nilipelekwa uwandani na theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, nikaisimamisha kwa madaha mbele ya watu waliokusanyika kututazama. Nikachungulia, giza. Nikazungusha huku, nikakaza kule, giza tupu. Mshika mnyororo wangu, ule wa kupimia urefu, mzee mmoja mtulivu, alinisubiri mpaka nikaloa jasho. Akanusa ugoro wake taratibu, akaja, akaondoa kifuniko cha lenzi, akarudi alipokuwa amesimama. Hakucheka. Waliobaki ndio walicheka.

Huyo alikuwa Mzee Maganga, mzaliwa wa Ziba, na ndiye aliyenifundisha kazi, vyovyote vile cheti changu kinavyodai. Alikuwa amewashikia mnyororo wapimaji wa kila rangi. Babu yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, yeye anabeba mnyororo wa serikali, na alipenda kusema ukoo wao mzima umelelewa na mizigo ya watu wengine. Alijua mnyororo unarefuka juani, kwa hiyo saa saba mchana alikuwa anaufunika kwa majani kama mtoto mchanga. Alijua mti upi utakufa na upi utasimama miaka ishirini, ili tusifunge kipimo kwenye mti wa kufa. Lakini alikuwa na tabia moja iliyoniudhi mno: hakuweza kupita uwanja wa mtu bila kusalimia. "Mwangaluka, mayu," anamwambia mama wa Kinyamwezi, kisha wanaulizana habari za mvua, za watoto, za mbuzi, za nani kalima nini na mpaka wa shamba uko wapi. Mimi nimesimama nalitazama jua linavyokimbia.

"Mzee, tumekuja kupima," namwambia.

"Ndiyo ninapima," ananijibu.

Masika yangu ya pili tulipewa kazi ya kuchora mtaa wa Bondeni. Ninyi mnaujua umejaa maghorofa ya wafanyabiashara, lakini wakati ule ulikuwa mtaa wa pembeni kabisa, nyuma ya Gongoni, nyumba za udongo zenye mabati na baraza safi. Walikaa mafundi cherehani, wachonga milango, wastaafu wa reli, na familia moja ya Kiarabu, ya Mzee Nasoro, mwenye duka la chumvi, mafuta ya taa na sindano. Kwa maji walikuwa na bomba moja, juu kule barabarani, lililokohoa upepo kuanzia Julai mpaka Novemba. Katikati ya mtaa ardhi inazama, panakuwa mbuga ndogo, na tulipofika sisi mbuga yote ilikuwa mpunga, kijani kibichi, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu.

Nilikuwa nimo humo na viatu vyangu vipya, nimenuna, alipokuja mama mmoja amejitanda kanga kichwani. Alikuwa rika la mama yangu mzazi. Baadaye nilijua anaitwa Bi Nyamizi, mjane, muuza vitumbua ambavyo watu waliamkia alfajiri kuviwahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unapima nini kwenye mpunga wetu?"

"Nachora ramani ya mtaa, mama. Kila kitu kitaandikwa."

"Basi andika na visima."

Nikageuka huku na huku. "Visima viko wapi?"

"Kimoja umekisimamia."

Nikatazama chini. Mpunga, tope, viatu vyangu vinakufa. Nikadhani ananifanyia mzaha. Maganga alikuwa ameshaweka mnyororo chini na kumsogelea, na ndiye aliyepokea maelezo. Mimi nilisikia nusu, na nusu hiyo niliisikia kwa sikio la mtu aliyesoma.

Maelezo yenyewe ni haya. Pale mbugani palikuwa na visima vitano, kila kimoja na mama mwenye kukimiliki. Mpunga ukishavunwa na ardhi ikaanza kupasuka, mwenyewe anakwenda mahali anapopajua, anapima kwa nyayo kutoka kwenye kichuguu kimoja kikubwa, anafukua, anatoa magogo, na maji yapo, baridi na matamu, ya mtaa mzima kiangazi chote. Mvua za kwanza zikikaribia anakifunga: magogo ya mninga mdomoni, nyasi juu ya magogo, kisha udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa mpaka haupitishi tone. Juu yake wanapanda mpunga. Hapo wanasema kisima kimelala. Na kisima kilicholala hakiamshwi masika hata iweje, kwa sababu yale maji ya juu, ya tope, yakiingia ndani yanaziba mshipa wa chemchemi, na mshipa ukizibwa na mfinyanzi ndiyo basi tena. Idadi ya nyayo mama mkwe humwonyesha mke wa mwanawe, akishaona macho yanamwishia. Mume hajui. Jirani hajui.

Nilitoa penseli, nikaandika kwenye daftari la uwandani: "Visima vitano, kwa maneno ya mama mmoja. Havikuonekana." Bi Nyamizi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anaangalia penseli inavyokwenda. Alipoona nimemaliza akasema ahsante, akaondoka.

"Kiangazi turudi tuvipime," Maganga akaniambia.

"Tutarudi."

Hatukurudi. Kiangazi hicho nilipelekwa kupima vijiji vipya upande wa Igunga, watu wanahamia, mambo ya haraka haraka, na ramani ya Bondeni ikatakiwa mezani. Nikaichora kwa wino mweusi kwenye kitambaa cha kuchorea, mistari myembamba kama nywele. Mahali pa visima, kwa kuwa mpunga si jengo na kisima sijakiona, nikaandika kwa herufi nzuri sana: UWANDA MTUPU. Mkuu wangu aliusifu mwandiko. Mimi nikafurahi, niseme nini.

Miaka ikapita, likaja Azimio la Arusha, na sote tukawa tunajenga nchi. Ndipo shirika moja la biashara la umma lilipotafuta kiwanja cha kujenga safu ya maduka, bohari, kituo cha petroli na uwanja wa kuegesha malori. Walitaka mahali karibu na mjini, pasipo na mtu wa kuhamishwa. Wakafungua ramani yetu. Mnaweza kumalizia wenyewe.

Wakazi wa Bondeni walipata habari walipoona mambo, yaani vigingi vya mbao, zimepigwa kuzunguka mbuga, zimepakwa rangi nyekundu vichwani. Hawakuzing'oa, wangefungwa. Wanawake walifunga kamba kutoka mambo moja hadi nyingine wakaanika kanga. Nilipotumwa kukagua nikakuta mpaka wote wa shirika unapepea rangi, nikashindwa niandike nini kwenye taarifa.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Kukataa maendeleo miaka ile ilikuwa tuhuma nzito. Kwenye mkutano wa tawi la chama, aliposimama tu Mzee Nasoro kuuliza habari za maji, mtu wa nyuma akapaza sauti: "Anatetea duka lake huyo! Bepari!" Watu wakaguna. Mzee Nasoro alikuwa mtu wa maneno machache, kazaliwa palepale Tabora, baba yake kazaliwa palepale. Alisubiri kelele zitulie.

"Duka langu nitalifunga kesho mkitaka," akasema, "funguo hizi hapa. Nitauza nini cha kushindana na shirika, sindano? Mimi nauliza kiangazi wake zetu watachota wapi."

Ilipoandikwa barua ya mtaa kwenda mkoani, na kila nyumba ikaweka sahihi au dole gumba, alikataa kutangulia. "Jina langu liwe la mwisho kabisa," akawaambia. "Likiwa la kwanza, barua itasomwa mpaka hapo." Akamwambia Bi Nyamizi ndiye aanze. Kwa hiyo barua ilifika mkoani ikiongozwa na dole gumba la muuza vitumbua.

Jibu likarudi: afisa atakuja kuona kwa macho yake. Siku waliyoipanga ilikuwa katikati ya masika, mpunga umefika kiunoni. Wakazi wakaomba ingojewe mpaka mavuno, visima viamke, afisa avione vyote vitano. Wakajibiwa kwamba mjenzi yuko tayari na saruji haingoji mpunga. Ofisini nikaambiwa nimfuate afisa na ramani, kwa kuwa ni yangu.

Asubuhi ile, tunafunga vifaa kwenye baiskeli, Maganga akaniuliza, "Daftari la Bondeni umelichukua?"

"Nimelichukua."

"Vizuri," akasema, na uso wake ukatulia. Alidhani anajua nimelichukulia nini. Na mimi, Mungu ni shahidi, wakati nalitia mkobani nilidhani hivyo hivyo.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu nikisimulia habari hii watu hutaka kumchukia, nami sitaki aibebe aibu isiyo yake. Alikuja amevaa viatu vyepesi, akaingia topeni bila kulalamika, na manyunyu yalipoanza akamfunika Mzee Nasoro kwa mwavuli wake mwenyewe. Ililetwa meza kutoka dukani, nikatandaza ramani juu yake. Mtaa mzima ulikuwa umesimama ukingoni mwa mpunga. Akawasikiliza wote, mmoja mmoja, bila kumkata mtu kauli. Kisha akaweka kidole katikati ya ramani.

"Ndugu zangu, mimi nimewasikia. Lakini hapa pameandikwa uwanda mtupu. Nikirudi na maneno matupu dhidi ya ramani ya serikali, nani atanisikiliza?" Akainua uso. "Mpimaji yupo?"

"Nipo, Bwana."

"Ulipopima hapa, uliona kisima?"

Daftari lilikuwa mkobani, mkoba uko begani, mkono wangu uko kwenye mkoba. Ilikuwa ni kulifungua tu na kusema: Bwana, niliambiwa, nikaandika, nikapuuza. Tarehe ipo, mwandiko upo, ushahidi wa kabla ya ugomvi wowote. Lakini mkuu wangu alikuwa amesimama kushoto kwangu, yule aliyeusifu mwandiko, na watu wamenitazama, na mimi nilikuwa sasa Bwana Mpimaji, si yule wa kifuniko cha lenzi. Nikaogopa kuchekwa. Ndugu zangu, hakukuwa na kingine. Niliogopa kuchekwa.

"Sikuona, Bwana," nikasema.

Ni kweli sikuona. Nimeishi na ukweli huo mpaka leo na haujanisaidia kitu.

Nilipoinua macho, Bi Nyamizi alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Aliona siimalizi. Akamgeukia afisa.

"Baba, ukikiona kimoja, utaamini na vinne?"

"Nikikiona kimoja, mama, nitaandika vitano."

Akajifunga kanga kiunoni. Jirani yake, Mwajuma, naye mwenye kisima, akamshika mkono. "Dada, usifungue! Kitakufa!"

"Kitakufa, ndiyo."

"Basi ngoja tukae sisi wenyewe tukubaliane ni cha nani..."

"Tukubaliane nini? Nimwambie mwenzangu akaue chake?" Akautoa mkono wake taratibu. "Nileteeni jembe."

Alikwenda mpaka kwenye kichuguu, akageuka, akaanza kupima, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, midomo inahesabu bila sauti, mpunga unagawanyika mbele yake. Wanaume waligeuza nyuso pembeni, kwa kuwa hesabu ile haikuwa ya kutazamwa na watu. Maganga alivua kofia. Mimi nilitazama. Alisimama, akakata kona mara moja, akahesabu tena, akasimama, akapiga jembe.

Aling'oa mpunga wake uliobeba masuke. Akafika kwenye udongo wa kichuguu, mgumu kama sakafu, na wanawake watatu wakaingia kumsaidia, kwani jambo lilikuwa limekwisha kuharibika na hakuna sababu ya kumwacha aharibu peke yake. Wakainua gogo, wakainua la pili. Afisa akasogea, akainama. Maji yalikuwa pale, karibu kuguswa, meusi kwa kina na safi, unauona uso wako. Akaomba kikombe. Akaletewa bakuli la Bi Nyamizi la kuchanganyia unga, akanywa lote.

"Haya maji matamu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona haya.

Akanyoosha mkono, nikampa ramani. Akatoa kalamu nyekundu, akakata yale maneno yangu mazuri, akaandika juu yake VISIMA 5, akatia sahihi. Akatamka palepale kwamba maduka yatafutiwe mahali pengine. Vigelegele vikapasuka, watoto wakarukaruka kwenye matope, Mzee Nasoro akafuta macho kwa ncha ya kilemba akisingizia mvua. Na afisa, wema wake ulivyokuwa, akaniwekea mkono begani.

"Usijilaumu," akaniambia. "Hukukosea. Usingeweza kuona."

Nilimjibu ahsante.

Wakati vigelegele vinaendelea, maji ya mbugani yalikuwa yameshaona njia. Yaliingia kwanza kama uzi, kisha kama mkanda, ya rangi ya chai ya maziwa, yanamomonyoa ukingo. Bi Nyamizi hakupiga kigelegele. Alikuwa amepiga magoti anajaribu kurudisha magogo, na Maganga alikuwa naye, suruali imepandishwa magotini, anashindilia udongo uliolowa usioshika tena. Mvua ilinyesha wiki nzima baada ya siku ile. Mimi nilikunja ramani.

Tulisukuma baiskeli mpaka tukafika barabarani, mimi na Maganga.

"Daftari lililowa?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Aa. Nilidhani lililowa."

Basi. Hakurudia tena jambo hilo, wala hakuniripoti. Aliendelea kunishikia mnyororo miaka minne zaidi, ananisalimia kila asubuhi kama adabu inavyotaka, ila zile hadithi za babu yake na pembe za ndovu sikuzisikia tena. Alikuwa akiwasimulia wengine. Daftari nililificha nyumbani, halikurudi ofisini.

Maduka yalijengwa ng'ambo ya reli. Yalikuwa na milango mizuri na, miaka iliyofuata, rafu pana zisizo na kitu, lakini hilo si kosa la kiwanja. Bondeni walivuna mpunga wao, na ardhi ilipoanza kupasuka wakaamsha visima. Vinne vikaamka. Cha Bi Nyamizi kilikuwa tope la kijivu tangu juu mpaka chini. Walifukua mpaka wakapita kina cha zamani, wakafika kwenye mfinyanzi mkavu, wakaacha. Aliyekuwa akiinywesha nusu ya mtaa akawa anasimama foleni na ndoo kwenye kisima cha Mwajuma. Mwajuma alimwambia apite mbele kila siku. Kila siku alikataa.

Niliposikia hayo sikuweza kukaa. Nikaenda asubuhi moja, nikamkuta barazani anaosha kikaango cha vitumbua, maji kidogo sana, anayamwaga kwa kiganja. Nikapiga magoti kabla ya kuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Habari za ofisini?"

"Mama, nimekuja kukwambia jambo. Siku ile ya afisa, mimi..."

"Ulikuwa na lile daftari," akasema.

Nikaketi sakafuni, karibu na kikaango.

"Nilikuona siku unaandika. Kusoma sijui, lakini mtu akiandika maneno yangu najua. Na siku ya afisa nikaona mkono wako uko mkobani. Nikasema, huyu kijana anatoa. Nikakungoja." Akageuza kikaango, akasugua upande wa pili. "Nilikungoja mpaka nikaona nawachelewesha watu. Ndipo nikaomba jembe."

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Nimeshakusamehe zamani, kinyongo kingeniua mimi bure." Kisha akaniuliza, kwa upole uleule, kitu ambacho nilikuwa sijajiuliza. "Lakini hebu niambie, baba, ulimwogopa nani? Mimi nilikuwepo pale kwa ajili ya maji. Wewe ulimwogopa nani hasa?"

Nikafikiri. Mkuu wangu alistaafu mwaka uleule, akasahau Bondeni iko wapi. Afisa alihamishwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa pale ambaye angekumbuka aibu yangu mpaka Ijumaa. Nikamwambia sijui. Akaniletea vitumbua viwili kwenye sahani, akanihimiza nile, nami nikala vyote viwili.

Niliomba nimchimbie kingine. Akasema mbuga si ya kuchokolewachokolewa, aliyepewa kapewa. Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua. Kiangazi kilekile nilirudi Bondeni na theodolaiti, nikavipima visima vyote kwa siku mbili, nikisalimia kila baraza, jua likimbie linakotaka. Nikachora ramani mpya. Visima niliviweka kwa alama ya duara yenye nukta katikati, na pembeni ya kila kimoja, jambo ambalo kanuni hairuhusu, nikaandika jina la mwenyewe. Cha Bi Nyamizi nilikichora cha kwanza. Nilitaka kisikose. Nilitaka atakayefungua karatasi ile baada ya miaka mia aone kwamba kilikuwepo na kilikuwa chake.

Kisha nikamwalika ofisini aje aione. Alikuja Jumatatu, amevaa kanga mpya doti nzima, ameongozana na Mzee Nasoro. Nikaitandaza mezani. Nikamwonyesha nyumba yake, barabara, kichuguu. Alicheka alipoona kichuguu. Akaniuliza kila duara ni la nani, nikamsomea: Mwajuma, Tatu, Kalunde, Zainabu.

"Na hiki?"

"Hiki chako, mama. Nimeandika jina lako hapa."

Alikiinamia muda mrefu. Aligusa jina kwa ncha ya kidole, dole gumba lilelile la barua. Nilikuwa nangoja shukrani, niseme kweli. Nilikuwa nimejiandaa hata maneno ya kuikataa.

"Kifute," akasema.

"Mama, hiki ndicho kilichoukoa mtaa wote."

"Ndiyo. Na hakipo." Akanyoosha mgongo, tukatazamana. "Kesho watakuja wengine na mambo zao nyekundu. Watawaambia wenzangu, ramani inasema vitano, tuonyesheni vitano. Watatoa wapi cha tano? Wakikosa kimoja, wataambiwa na vinne ni uwongo. Ulishawahi kuandika hakuna palipo na kitu, mwanangu. Sasa usiandike kipo mahali pasipo na kitu. Kifute."

Wino ule haufutiki kwa mpira. Unakwanguliwa kwa wembe, taratibu sana, ili kitambaa kisitoboke. Nilianza na duara, kisha nukta, kisha jina, herufi moja moja, na lina herufi saba. Alisimama pale pale mpaka nikamaliza. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa kuhakikisha pamekuwa laini, akasema ahsante baba, akajitanda kanga yake, akamwambia Mzee Nasoro waondoke, jua linakuwa kali na hajaenda kupanga foleni.